Kuandaa udongo wa tangi la samaki lenye mimea hai

Wengi wanaoanza kupanda mimea kwenye tangi la samaki wa mapambo hukimbilia mbolea. Shambani mbolea ndiyo inayoleta mavuno, basi huchukua samadi au mboji, wakaimwaga chini ya tangi, wakajaza maji na kutia samaki siku hiyohiyo. Baada ya siku chache maji yananuka, samaki wanapanda juu kutafuta hewa, kisha wanakufa. Hapo mfugaji hulaumu udongo na kurudi kwenye changarawe tupu, ambako mimea yake inadumaa. Udongo hauna kosa. Haukuandaliwa tu kwa kazi ya chini ya maji.

Shambani hewa hupenya kwenye udongo kila siku. Ndani ya tangi, sentimita chache tu chini ya mchanga, oksijeni huisha. Samadi na majani mabichi yakioza hapo hutoa amonia, na palipokosa hewa kabisa hutoka gesi yenye harufu ya yai viza. Zote mbili ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo usitafute udongo mweusi uliojaa mboji. Tafuta udongo wa juu wa kawaida, wenye mfinyanzi kiasi, ambao mabaki yake yameshaoza. Mfinyanzi hushika virutubisho visisambae majini, mizizi ikavichukua polepole. Udongo mwekundu kama ule wa Kiambu una faida nyingine: una chuma kingi, na chuma hicho, kikikosa oksijeni, hugeuka kuwa katika hali inayoyeyuka ambayo mmea unaweza kuinywa.

Chimba mahali pasipolimwa, ondoa majani ya juu, uchukue kina cha sentimita 10 hadi 15. Usichukue karibu na josho la ng'ombe wala kwenye shamba linalopuliziwa dawa. Dawa za jamii ya pirethroidi huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Udongo wa viroba unaouzwa kwa ajili ya maua mara nyingi umechanganywa na chembe za mbolea, nao uache. Mbolea za dukani kama yurea, DAP na CAN zisiingie kabisa kwenye tangi. Tope la bwawani nalo nakusihi uliache, hata kama linaonekana lina rutuba: konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huishi humo, na baadhi yao huweza kujizika kwenye tope na kustahimili kiangazi.

Kabla ya kubeba ndoo nzima, pima kidogo. Jaza chupa nusu udongo, ongeza maji, tikisa, iache mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini, mfinyanzi utakaa juu yake, takataka zitaelea. Zikielea nyingi, tafuta mahali pengine.

Sasa inakuja kazi yenyewe, na hapa ndipo watu hukosa subira. Loweka udongo kwenye ndoo, koroga, uache utulie, kisha mwaga maji pamoja na kila kinachoelea. Maji hayo mwagilia mchicha. Tandaza udongo juu ya turubai, unene wa vidole viwili, uanike juani hadi ukauke kabisa. Vunja mabonge, loweka tena, anika tena. Rudia mara tatu au nne. Kila unapolowa, bakteria huamka na kuozesha mabaki. Kila unapokauka, hewa huingia, na amonia hugeuzwa kuwa nitrati, chakula cha mimea kisicho na sumu kali kama ya amonia. Jua likiwa kali kazi inakwisha kwa wiki mbili au tatu. Masika itachukua muda zaidi, na hakuna njia ya mkato. Ukiwa tayari, udongo hunuka kama ardhi iliyonyeshewa mvua. Ukinuka uozo, rudia. Mwishoni uchekeche kwa wavu wa matundu ya milimita 3 hivi. Kama ni wa kichanga mno, changanya mfinyanzi sehemu moja kwa udongo sehemu tisa.

Ndani ya tangi weka udongo wa sentimita 2 na nusu, usizidishe. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 hiyo ni lita 4 na nusu tu. Juu yake funika kwa mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, sentimita 3. Mchanga wa pwani ya Mombasa au Bagamoyo una chumvi na vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo hufanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Kama huna hakika, dondoshea mchanga siki: ukitoa mapovu, una chokaa. Maji yamiminie taratibu juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 kwanza.

Panda mimea mingi siku ya kwanza. Valisneria, ambayo huota yenyewe katika Ziwa Tanganyika, na kriptokorini hula kwa mizizi na hupenda sana udongo huu. Mmea wa anubia ufunge kwenye jiwe au gogo. Shina lake likifukiwa linaoza. Mimea inayoelea husaidia kunyonya amonia ya mwanzo.

Wiki ya kwanza badilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili, kisha mara moja kwa wiki. Maji yakiwa ya rangi ya chai usihofu, ni rangi ya mabaki ya mimea. Taa iwake kwa muda wa saa nane kila siku. Samaki wasubiri hadi kipimo cha maji kioneshe amonia na nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) ni sifuri, nao waingie wachache, wadogo kama gapi. Perege na jamaa zake hufukua, watakuvurugia kila kitu.

Mapovu yakitoka mchangani, choma taratibu kwa kijiti chembamba, sehemu ndogo kwa siku. Unapong'oa mmea mkubwa, ukate mizizi ndani ya mchanga badala ya kuuvuta na udongo wake. Na mimea unayopunguza ianike ikauke, kisha iende kwenye shimo la mboji, isitupwe mtoni wala ziwani. Gugumaji lililolisumbua Ziwa Viktoria kwa miaka mingi ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake.