Bima yako imedaiwa matibabu usiyopata? Namna ya kutoa taarifa ukiwa Tanga

"Mama, weka sahihi hapa, mengine tutajaza wenyewe." Ndivyo mamdogo wangu alivyoambiwa kwenye dirisha la bima la kituo kimoja cha binafsi hapa mjini. Ana presha, na siku ile miwani aliisahau nyumbani Makorora. Akasaini, akachukua dawa zake, akapanda bajaji.

Safari iliyofuata nilimsindikiza. Alipimwa presha na sukari, akaandikiwa dawa za mwezi. Kabla hajasaini nikaomba fomu niisome. Ilikuwa na kipimo cha mkojo, cha figo na cha moyo, na mamdogo hakutoa mkojo wala kulala kwenye kitanda chochote. Nilipouliza, karani alikata ile mistari mitatu akasema amechanganya na mgonjwa mwingine. Huenda ni kweli. Lakini fomu ya safari ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na sahihi yake chini, na hakuna kati yetu aliyejua imejazwa nini. Hiyo ndiyo tuliyoiandikia barua, na hapa naeleza tulivyofanya ili nawe usihangaike.

Elewa kwanza fedha inavyotoka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, haulipi papo hapo unapotibiwa. Kituo kinakuhudumia, kinajaza fomu ya madai, ile inayoitwa 2A na B, halafu kinaidai NHIF. Sahihi yako ndiyo ushahidi kwamba ulipata kilichoandikwa. Ukisaini karatasi tupu umempa mtu ruhusa ya kujiandikia malipo kutoka kwenye fungu ambalo mwalimu na nesi wanakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri anaongeza 3 nyingine.

Kwa hiyo dalili nyingi utaziona kwenye fomu: vipimo hukufanyiwa, dawa hukupewa, au umeandikwa umelazwa wakati ulirudi nyumbani siku ileile. Nyingine utazisikia kwa masikio. "Acha kadi hapa, tutakupigia." "Njoo usaini tu, si lazima umwone daktari." Ukiahidiwa miwani, sabuni au fedha mkononi ili kadi yako ipitishwe, ondoka na kadi yako.

Na upande wetu wagonjwa tuseme ukweli. Mpwa anaumwa, hana bima, shangazi anampa kadi ya binti yake. Ni huruma, naijua, lakini ni kosa, na lina hatari ambayo wengi hawaifikirii: majibu ya mpwa yanaingia kwenye faili la binti. Siku binti akifikishwa hospitali ya mkoa, Bombo, hajitambui, daktari atasoma historia ya mtu mwingine.

Kwenye hospitali za serikali angalia zaidi malipo. Unatakiwa upewe namba ya malipo ya serikali, tunayoiita kontroo namba, ulipie kwa simu au benki, upate risiti. Anayetaka umwekee kwenye simu yake binafsi anakuomba rushwa. Dawa zenye alama ya GOT ni mali ya serikali kutoka Bohari ya Dawa. Ukizikuta zinauzwa duka la mtaani, zimetoroshwa.

Sasa hatua zenyewe. Kabla hujalala siku hiyohiyo, andika kwenye daftari: jina la kituo, tarehe, saa, dirisha gani, ulihudumiwa na nani kama alivaa kitambulisho, ulipimwa nini na ulipewa dawa gani, vidonge vingapi. Pakiti za dawa usizitupe. Cheti na risiti zipige picha. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu wiki mbili zikipita utakumbuka hasira tu, vipimo umeshavisahau.

Kisha uliza, kwa upole, kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Makosa ya kweli yapo, hasa foleni ikiwa ndefu. Ila ukiona jambo limejirudia, au mganga mfawidhi mwenyewe anahusika, ruka hatua hii. Ukimshtua mhusika, karatasi zinaweza kubadilishwa kabla mkaguzi hajafika.

Baada ya hapo chagua mlango. Madai ya uongo na matumizi ya kadi ni ya ofisi ya NHIF ya mkoa. Ukiombwa rushwa, au ukiona nyaraka za kughushi zinatumika kuchota fedha, nenda ofisi ya TAKUKURU au piga 113, ni bure. Wanafanya kazi chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007. Duka la dawa lipeleke Baraza la Famasi, na dawa unayoshuku ni bandia ipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Daktari kishoka, yule asiye na leseni, ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukiwa Lushoto au Pangani na nauli ya kuja mjini ni tatizo, anza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina lako na namba ya uanachama, kituo, tarehe, halafu mambo mawili yakae karibu: nilichopata na kilichoandikwa. Sisi tuliandika hivi: "Tarehe hiyo nilipimwa presha na sukari. Nilisainishwa fomu ambayo sehemu ya vipimo ilikuwa tupu. Naomba madai yaliyotumwa kwa jina langu yakaguliwe." Basi. Usiandike "wezi wakubwa hawa", wala usimtaje mtu kwa kusikia. Acha mkaguzi ndiye ahukumu.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Uliza jina la anayeishughulikia na siku ya kurudi kuulizia. Mamdogo alisita hapa, akaogopa atanyimwa huduma. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomkinga anayetoa taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika. Unaweza pia kuomba jina lako lisitajwe. Lakini kurusha picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni kitu kingine kabisa: umeanika ugonjwa wako, na kama umekosea umemchafua mtu.

Ukipita muda bila jibu, rudi na ile nakala yenye muhuri, uandike barua ya pili ukitaja tarehe ya kwanza. Na akikupigia simu mtu anayesema anatoka ofisini, anataka namba ya kadi yako au uikanushe taarifa, usimjibu chochote. Mwambie utafika ofisini mwenyewe, halafu ufike kweli.