Somo: Muda unapotea unapoachia breki, sio unapoikanyaga

Mbukwenyi wakuu. Somo la leo ni la wale wanaocheza gemu za mbio za gari mtandaoni afu wamekwama, wiki ya tatu sasa muda ni ule ule hata ufanyeje. Mi niko Ilazo hapa Dom, nilikwama Monza, sakiti ya Italia, na gari za GT3 (gari za mbio zilizotokana na zile za barabarani) kwenye gemu la Assetto Corsa Competizione, lapu moja, yaani mzunguko mmoja wa sakiti, dakika 1 na sekunde 53, mda mrefu sana, na kila usiku nilikuwa najaribu kuchelewa zaidi kukanyaga breki maana niliamini ndo ujanja wenyewe. Siku hizi nazunguka kwa 1:50 na kidogo, na breki naikanyaga mapema kuliko zamani. Nawapa njia niliyopita, fuateni kwa mpangilio msiruke.

1. Pima unavyokaa. Chukua futikamba, pima kutoka jichoni hadi kwenye skrini. Skrini ya inchi 27 ina upana wa kama sentimita 60, ukiwa umekaa sentimita 60 kutoka hapo basi upana wa kuona unaouseti kwenye gemu (FOV) unaoendana na ukweli ni kama digrii 53 kwa mlalo au 31 kwa wima, na Competizione inataka hiyo ya wima. Wengi wanaweka kubwa ili waone pembeni, matokeo yake kona inaonekana iko mbali kuliko ilivyo na mwendo unaonekana mkali kuliko ulivyo, sasa hapo utajuaje pa kubreki? Siku mbili tatu za kwanza utahisi kama unachungulia dirishani, vumilia.

2. Safisha pedeli. Hii ni ya kwetu hasa. Upepo wa mwezi wa 7 na wa 8 mnaujua, vumbi linaingia hadi kabatini. Pedeli nyingi za bei ya kawaida zinapima mguu kwa kifaa kinachosuguana ndani, kikishika vumbi namba zinarukaruka, umekanyaga nusu gemu inasoma robo tatu. Fungua sehemu ya kuseti pedeli, kanyaga taratibu huku unaangalia mstari unavyopanda, ukiona unatetemeka safisha kwa ile spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, na ukimaliza kucheza funika kwa kanga kuukuu. Mi nilihangaika mwezi mzima na breki inayojikanyaga yenyewe kumbe ni vumbi, ndo maana nasisitiza.

3. Gari moja, sakiti moja, setapu (marekebisho ya gari) ile ile, mafuta kiasi kile kile. Ukibadilisha kila siku hutajua kilichokusaidia ni nini.

4. Anza na kona inayokutoa kwenye njia ndefu. Monza ina kona 11 kwenye kilomita 5.793, na ya mwisho, Parabolica, ambayo tangu 2021 jina lake rasmi ni Curva Alboreto, inakutoa kwenye njia iliyonyooka ya zaidi ya kilomita 1. Piga hesabu na mimi: kilomita 1 kwa mwendo wa 200 ni sekunde 18 kamili, kwa mwendo wa 195 ni sekunde 18.46. Kwenye gari halisi hiyo tofauti inapungua kadri mwendo unavyopanda, lakini hata ikibaki nusu bado ni kubwa, na umeipata kwa sababu tu ulikanyaga mafuta mapema na gari imenyooka. Kuchelewa kubreki kunakupa mita chache tu, ukikosea unatoka kona umechoka na deni unalilipa kilomita nzima.

5. Sasa breki yenyewe, hapa tukae. Ukipanda daladala dereva akifunga breki abiria wote mnaenda mbele, si ndio? Gari nayo hivo hivo, uzito unalalia tairi za mbele na zinashika vizuri. Akiachia ghafla wote mnarudi nyuma. Ukiachia breki ghafla ukiwa unaingia kona, uzito unarudi nyuma wakati ule ule unaozihitaji tairi za mbele, gari inagoma kukata inaenda nje, we unaongeza usukani, unasubiri, unasubiri tena, ndo unakanyaga mafuta. Huko kusubiri ndo sekunde zako zilipo.

Tairi ina uwezo mmoja tu, kama noti ya elfu kumi uliyoenda nayo soko la Majengo, ukimaliza yote kwenye nyama hamna ya mboga. Breki kali gari ikiwa imenyooka, sawa, tumia yote. Ukianza kukata usukani anza kupunguza mguu, usukani unavyoongezeka ndivyo mguu unavyopungua, hadi unafika sehemu ya ndani kabisa ya kona mguu umebaki unagusa tu.

Zoezi lake: chukua Lesmo ya kwanza, kona ya hapo hapo Monza, breki mita 20 kabla ya pale ulipozoea. Ndio, mapema, ili usiwe na hofu, akili yote iwe kwenye kuachia. Pua ya gari ikitoka nje katikati ya kona umeachia haraka mno, mkia ukianza kuchomoka umeshikilia mno. Lapu 15 za hivo tu, muda usiuangalie kabisa. Mguu ukishakuwa laini ndo usogeze pa kubreki mita 5, afu 5 nyingine. Kwenye kona ya kwanza nilikuwa nabreki karibu kabisa na kibao cha 100 (mita 100 kabla ya kona), sasa hivi ni muda mfupi tu baada ya 150 na natoka pale na mwendo.

6. Ukiweza lapu 10 mfululizo zisizopishana zaidi ya nusu sekunde, hapo washa delta (namba inayoonyesha umepishana kiasi gani na lapu yako bora) na gari kivuli (gari ya picha inayorudia lapu hiyo). Kabla ya hapo vinakuvuruga.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nkuhungu: Kaka sina usukani natumia padi, somo linanihusu?
Linakuhusu kabisa mkuu. Kitufe cha breki cha nyuma kwenye padi kinapima kidole kama pedeli inavyopima mguu. Achia kidole polepole, usikiachie kikaruka.

Dada wa UDOM: Natumia bando la simu, magari ya wenzangu yanarukaruka, je ndo sababu niko taratibu?
Hapana dada, muda wako unatokana na unavyoendesha hapo hapo kwenye mashine yako. Mtandao unaharibu mbio, sio lapu, kwa hiyo fanya mazoezi hata bila intaneti. Siku ya mbio unganisha simu na kompyuta kwa waya, na aliye mbele yako mwachie nafasi zaidi maana unapomuona sipo alipo haswa. Kwa mwendo wa 250, sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kama mita 7, gari nzima na zaidi.

Mdau wa Kondoa: Ninunue setapu za watu wenye kasi?
Bado. Setapu nyingi za hao watu mkia ni mwepesi kwa sababu mguu wao wa breki umetulia, wewe itakuzungusha tu. Rudi hatua ya 5.

Mdau wa Kisasa: Peke yangu niko vizuri, kwenye mbio nikiwa nyuma ya mtu napitiliza kona.
Ukiwa nyuma yake yeye ndo anakukatia upepo, kwa hiyo unafika pa kubreki na mwendo mkubwa kuliko wa mazoezi. Breki mapema kidogo, na usiangalie taa zake za nyuma, angalia kibao chako. Akibreki akapitiliza yeye, wewe pinduka zako ndani. Tuma riplei ya mbio za juzi niione, hasa kwenye kona za Ascari, nadhani kuna kitu kingine pale.