Wakirudi kutoka maonyesho ya sayansi ya YST: jinsi ninavyowaongoza wanafunzi kuandika walichokiona

Basi la kurudi nyumbani likishapita Chalinze, natoa madaftari. Vyeti bado viko mikononi, sare bado zina harufu ya ukumbi, na Shinyanga iko mbali. Kila mwanafunzi anaandika kitu kimoja tu: swali lililomshinda, kama lilivyoulizwa, na yeye alijibu nini. Akimaliza hapo anaruhusiwa kulala.

Nafundisha kemia na baiolojia katika shule ya kata, na ndimi mlezi wa klabu ya sayansi. Nimeshapeleka makundi matatu, ya wanafunzi wawiliwawili, kwenye maonyesho ya kitaifa ya Young Scientists Tanzania, ambayo sote tunayaita YST. Hakuna kundi lililorudi na kombe. Ninachoandika hapa ni kwa ajili yako, mwalimu mwenzangu, ambaye vijana wako watapanda basi mwaka huu au mwakani, maana mwaka wangu wa kwanza nilikosea, na kosa lile sitaki ulirudie.

Nilisubiri wiki mbili. Mitihani ya muhula ilikuwa karibu, nikasema watulie kwanza. Kisha nikawaambia waandike insha ya ubao wa matangazo: "Tulichojifunza Dar es Salaam." Zikaja karatasi mbili zinazofanana kama mapacha. Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, pili mkuu wa shule, tatu walimu wote, tulijifunza mambo mengi, tulifurahi sana, tunaomba nafasi ziongezwe. Nikamwita mmoja, nikamuuliza hayo mambo mengi ni yapi. Alifikiri, akatazama dirishani, akasema, "Madam, ni mengi tu." Binti huyu alikuwa amesimama mbele ya meza yake siku nzima akiwajibu watu wazima asiowajua, jambo ambalo mimi kwa umri wake nisingelithubutu. Na lilikuwa limeshampotea. Liliniuma sana.

Kwa hiyo kazi ya kutafakari inaanza kabla ya safari, kwa daftari dogo la kutia mfukoni, moja kwa kila kundi. Sheria yake ni fupi: anayenyamaza ndiye anayeandika. Mwenzako akieleza bango, wewe unaandika swali la mgeni aliyesimama mbele yenu, awe jaji, mzazi, au mwanafunzi wa shule nyingine. Usiandike jibu, halina haraka. Andika swali, na kama unaweza, maneno yaleyale. Wafanyieni mazoezi shuleni: waite walimu wa historia na Kiswahili waje kuuliza, kwa sababu wao huuliza maswali ambayo sisi wa sayansi tumeshaacha kuyaona.

Sasa nikueleze kundi la pili, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kazi hii inafaa nini.

Mradi wao ulikuwa wa kusafisha maji ya lambo kwa mbegu za mlonge. Maji ya lambo letu wakati wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Walimenya mbegu, wakazitwanga kwenye kinu kidogo mpaka zikawa unga, wakakoroga unga huo na maji safi kidogo, wakachuja kwa kitambaa, kisha wakamimina ule utomvu kwenye ndoo ya maji ya lambo. Unakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole kama dakika tano, halafu unaacha saa 1. Ndani ya mbegu kuna protini yenye chaji chanya. Chembe za udongo zina chaji hasi. Vinashikana, vinakuwa mabonge, mabonge yanazama. Kupima walitumia bomba la plastiki linaloonyesha ndani, chini wameweka kiduara chenye weusi na weupe. Unamimina maji huku unachungulia kutoka juu, na kiduara kikipotea machoni unasoma kimo cha maji kwa sentimita. Kimo kikiwa kirefu, maji ni maangavu zaidi. Jedwali lao lilikuwa safi: mbegu 1 kwa lita, mbegu 2, mbegu 3.

Akaja jaji, mama wa makamo, akalisoma jedwali lote bila kusema neno. Kisha akauliza: "Na ndoo ambayo hamkutia mlonge iko wapi?"

Aliyekuwa akieleza akajibu haraka, "Tulipima maji kabla ya kuanza." Jaji akasema, "Hiyo ni mwanzo. Mimi nauliza baada ya saa moja." Na kweli haikuwepo. Matope hutulia yenyewe ukiyaacha. Bila ndoo ya pili, iliyokaa palepale kwa muda uleule bila dawa, huwezi kusema mlonge umefanya kazi gani na muda umefanya kazi gani. Nami nilikuwa nimelipitia jedwali lile mara tatu kabla ya safari sikuliona pengo hilo.

Ndani ya basi, mmoja aliandika: "Ndoo bila mlonge." Mwenzake aliandika: "Jaji hakuupenda mradi wetu."

Sentensi hii ya pili utaiona kila mwaka, na namna utakavyoipokea ndiyo itaamua kama kijana atajifunza kitu. Usiifute wala usimwambie asilie. Iache ibaki ukurasani, kisha uliza chini yake: alisema nini hasa? Akijibu "aliuliza vibaya," uliza tena: maneno yake yalikuwa yapi? Nilikaa naye kiti kimoja kutoka Dodoma mpaka karibu na Manyoni. Kwanza alisema jaji alikuwa na haraka. Halafu akasema jaji aliuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye bango. Nikamuuliza ni kitu gani. Akanyamaza muda mrefu, akitazama nje, kisha akachukua kalamu akaandika: "Hatujui matope yangetulia yenyewe kiasi gani." Nilimwomba apige mstari chini yake. Jedwali lote walilobeba Dar halikuwa na sentensi ya kisayansi kuliko hiyo.

Waandike kila mmoja peke yake kwanza. Ukiwaacha wawili waandike pamoja, mwenye sauti kubwa ataandika kumbukumbu za wote wawili. Wakishamaliza ndipo wabadilishane. Utashangaa jinsi watu wawili waliosimama meza moja walivyoona maonyesho mawili.

Na waandike kwa Kiswahili. Najua masomo yetu ya sekondari ni kwa Kiingereza, na bango lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza. Lakini nimeona kijana akiandika kwa Kiingereza, anachagua analoweza kulisema badala ya lile lililomtokea. Ndiyo maana "mambo mengi" yanajaa. Kiingereza kitafuata baadaye, siku ya kuandika ripoti. Rasimu ya kwanza usiisahihishe kwa kalamu nyekundu, wala usiitolee alama. Na kama mkuu wa shule anataka taarifa ya safari kwa ajili ya bodi au wafadhili, iandike wewe, iwe karatasi nyingine kabisa.

Historia ya mashindano nayo hula kurasa. Wanakili kutoka vipeperushi nusu ukurasa mzima. Mimi nawapa sentensi mbili: YST ilianzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry, na maonyesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika 2012. Mfano wake ni maonyesho ya wanasayansi vijana ya Ireland, yaliyoanza Dublin mwaka 1965 kwa juhudi za wanafizikia wawili, Tony Scott na Padri Tom Burke. Basi, endelea na yako.

Kuna ukurasa mmoja ninaoupenda: meza ya jirani. Kila mwanafunzi achague mradi mmoja wa shule nyingine aueleze mpaka mama yake nyumbani auelewe, na achore. Asiseme "ulikuwa mzuri." Aseme kulikuwa na nini mezani, walipima nini, kwa kifaa gani, na yeye kama angekuwa jaji angeuliza nini. Swali hili la mwisho linamponya hata yule aliyerudi na uchungu, kwa sababu anagundua kwamba kuuliza si kumchukia mtu.

Mkishafika shuleni, chukueni yale maswali mgawe ukurasa sehemu nne: swali, tulijibu nini, leo tungejibu nini, tutafanya nini. Kundi la mlonge lilikuwa na maswali kumi na manne. Mengi yalijibika kwa kusoma. Matatu yalihitaji kurudi kwenye ndoo, na hapo usichelewe, fanya wiki ileile, mkiwa bado na joto la safari.

Tulirudi lamboni Jumamosi, tukachota ndoo mbili kutoka sehemu moja, dakika ileile. Moja ilitiwa mlonge, nyingine ilikorogwa vilevile bila kitu. Baada ya saa 1, ile isiyo na dawa kiduara kilipotea kwenye sentimita 9. Ile ya mlonge kilipotea kwenye sentimita 31. Yule binti niliyekaa naye kwenye basi alisoma bomba mara tatu kabla ya kuandika, kisha akaketi chini kwenye nyasi akaitazama ile 9. "Kwa hiyo, Madam, hata peke yake yanasafika kidogo," alisema. Ndiyo, nikamwambia, na sasa tunajua ni kidogo kiasi gani.

Ndoo ya mlonge ilisahaulika maabara mpaka siku iliyofuata jioni. Tulipofunua ilikuwa na harufu. Hilo nalo likaingia daftarini, likatupeleka kusoma: mabaki ya mbegu yanayobaki ndani ya maji ni chakula cha bakteria, kwa hiyo maji haya si ya kuweka siku nyingi. Na kuwa maangavu si kuwa salama. Mlonge hupunguza vijidudu vinavyozama pamoja na matope, hauwamalizi. Maji yachemshwe. Kwenye bango la Dar hakukuwa na onyo hilo hata kwa mstari mmoja, na wageni walikuwa wameondoka mezani wakiamini wameoneshwa maji ya kunywa. Wanafunzi wenyewe ndio waliosema hili lazima liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ripoti mpya.

Hatua ya mwisho ni kusoma kwa sauti mbele ya watu. Sisi tunasoma mara mbili. Mara ya kwanza ni paredi ya asubuhi, dakika tano, kila mmoja anasoma swali lake na alichofanya nalo. Mara ya pili ni nyumbani, na hii usiiache, hata kama unaiona ndogo.

Binti alimsomea bibi yake anayemlea. Alisoma yote, jaji, ndoo, bomba, 9 na 31. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye tangu ameolewa maji ya lambo huyaacha kwenye mtungi usiku kucha, na asubuhi huchota ya juu polepole bila kutikisa. "Sasa hizo mbegu zako," akamuuliza, "zinanizidi nini mimi na mtungi wangu?"

Jumatatu alinifuata ofisini kabla ya kengele akiwa na daftari mkononi. Alikuwa ameliandika swali la bibi chini ya lile la jaji, maneno yaleyale, na safu ya nne alikuwa ameshaijaza: mtungi, muda wa saa 12, kiduara. Mwaka huu yeye yuko kidato cha nne, hana nafasi ya kwenda tena. Daftari ameliacha kwa wadogo zake wawili wa kidato cha pili, na wiki iliyopita wameniomba ruhusa ya kuweka mtungi mmoja kwenye kona ya maabara, pasipo na mtu wa kuutikisa.