Kusoma ripoti ya MAP ya mtoto aliyewatangulia wenzake

Jirani yangu hapa Marekani alinigongea mlango akiwa na ripoti ya MAP Growth, mtihani wa kompyuta unaorudiwa ili kuona mtoto amepanda kiasi gani, ya mwanawe wa darasa la tatu. Hesabu: Septemba 215, Mei 219, na chini yake imeandikwa kuwa hakufikia ukuaji uliotarajiwa. Alikuwa ameshaanza kutafuta mwalimu wa tuisheni. Tulikaa mezani tukafanya hivi.

Hatua ya 1. Andika kwenye daftari alama zote za RIT, yaani zile namba kama 215 na 219, na tarehe zake. Grafu ya shule siipendi, mstari wake humtisha mzazi bure.

Hatua ya 2. Tenganisha pasentaili mbili, yaani namba zinazosema mtoto amewapita wangapi katika kila 100. Moja husema mtoto yuko wapi kati ya wanafunzi wa darasa lake nchi nzima. Nyingine husema amepanda kiasi gani akilinganishwa na walioanza na alama kama zake. Mtoto anaweza kuwa na 95 kwenye ile ya kwanza na 20 kwenye ya pili.

Hatua ya 3. Usiiamini tofauti ya mitihani miwili. Kila alama ina kosa la kipimo la takriban 3, na ukitoa moja kwenye nyingine makosa huungana yakafika kama 4. Kwa hiyo zile 4 za kijana huenda ni 0, huenda ni 8. Tena alama ya juu sana mara nyingi imebebwa na siku nzuri, na mtihani unaofuata humrudisha mtoto kidogo. Linganisha Septemba na Septemba, angalau za miaka mitatu. Kisha uliza alifanya toleo gani: lile la chekechea hadi darasa la pili humsomea mtoto maswali, linalofuata anajisomea mwenyewe, na alama zinaweza kushuka hapo. Binti yangu aliposhuka hivyo nilimkalisha likizo nzima na jedwali la kuzidisha kabla sijalijua hilo, na bado naumia nikikumbuka. Mwisho, tazama dakika alizotumia kwenye mtihani. Kijana wa jirani alitumia 70 Septemba, Mei 22. Tulipomuuliza, alisema wenzake walikuwa wameshatoka kucheza.

Hatua ya 4. Muulize mwalimu mtoto anafundishwa nini. MAP humpandishia maswali kadiri anavyopatia, mpaka afike kwenye mambo ambayo hajafundishwa. Akirudiwa anayoyajua mwaka mzima, atapandia wapi? Jirani aliomba mwanawe apewe hesabu za sehemu (kama nusu na robo) za darasa la tano, mwalimu akakubali. Tuisheni ameiacha.