Namna ya kuukanda mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi

Mwanamke aliyeondolewa tezi za limfu za kwapani anaweza kuvimba mkono wa upande huo miezi au hata miaka baada ya upasuaji, kwa kuwa limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayopita katika mishipa yake ya pekee na kurudi kwenye damu, haisukumwi na moyo kama damu, bali hutegemea pumzi, mwendo wa misuli na kujibana kwa mishipa yake yenyewe, na njia ikikatwa hujikusanya chini ya ngozi. Ukandaji wa kuiondoa, ulioasisiwa na Wadenmaki Emil na Estrid Vodder wakiwa Ufaransa katika miaka ya 1930, ni tofauti kabisa na kuchua tulikozoea: hautumii mafuta, wala haubonyezi misuli.

Mtaalamu wa fiziotherapia akuoneshe kwanza kwa mkono wake. Mwenye maambukizi ya ngozi, homa, damu iliyoganda mshipani, au moyo au figo zilizoshindwa kazi asikandwe mpaka daktari aruhusu.

Kosa la wengi ni kuanzia palipovimba. Limfu ni kama abiria wa daladala iliyojaa: wa mlangoni wasiposhuka, wa nyuma hawasogei. Kwa hiyo keti, vuta pumzi ndefu za tumboni mara tano, kisha laza vidole katika kibonde kilicho juu ya mtulinga, uisogeze ngozi kidogo kuelekea chini na ndani, uiachie irudi yenyewe. Rudia mara kumi bila haraka. Vidole visiteleze juu ya ngozi, bali viende nayo. Ukihisi msuli chini yake, umekandamiza mno, na mishipa midogo ya limfu, iliyo karibu sana na ngozi, hufinywa badala ya kusaidiwa.

Hamia kwapa la upande usiopasuliwa, ulikande kwa miduara myepesi, halafu ipeleke ngozi ya kifua, hatua kwa hatua, kutoka upande uliopasuliwa hadi kwapa hilo. Hapo ndipo zamu ya mkono hufika: anza na sehemu ya juu, kutoka kwenye kiwiko hadi begani, kisha kigasha, mwisho kiganja na vidole, daima ukielekea begani. Dakika 20 zinatosha.

Saluni nyingi hutangaza ukandaji huu kuwa unaondoa sumu na kupunguza unene. Sumu ni kazi ya ini na figo, na mafuta ya mwili hayatoki kwa kukandwa. Uso uliovimba kwa usingizi huweza kunywea, lakini kwa muda mfupi tu.

Kwa mgonjwa wetu, ukandaji peke yake hautoshi. Avae vazi la kubana mkono alilopimiwa, afanye mazoezi mepesi, apake losheni ngozi isipasuke, na mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, aache kuukanda na kwenda hospitali siku hiyohiyo.