Somo: Amri ya npx inakubali kwenye Node moja, inagoma kwenye nyingine

Wakuu, swali hili halikauki: amri ya npx (chombo cha kuendesha programu za JavaScript bila kuzisakinisha kwanza) inakubali kwenye laptop, ukiipeleka kwenye seva inagoma. Au ilikuwa salama mpaka siku ulipopandisha toleo la Node (mfumo unaoendesha JavaScript nje ya kivinjari). Lawama zote hutupiwa kifurushi, wakati mara nyingi hakihusiki.

Npx haijitegemei. Tangu toleo 5.2.0 la npm (kisimamizi cha vifurushi vya JavaScript), Julai 2017, huja ndani ya npm, na npm huja ndani ya Node. Ukibadilisha Node umebadilisha zote tatu, utake usitake. Node 14 ilikuja na npm 6. Node 15 ikaja na npm 7, Oktoba 2020, na hapo npx ikaandikwa upya: leo ni `npm exec` iliyobakiwa na jina la zamani. Fujo nyingi mnazoziona zinaanzia kwenye mpaka huo wa 6 na 7.

Hatua ya 1: Linganisha mashine mbili

```
node -v
npm -v
which npx
```

Windows andika `where.exe npx`. Namba ya kuangalia kwanza ni ya npm. Moja ikiwa 6 na nyingine 7 kwenda juu, usitafute mchawi. Kama npx inatoka folda tofauti na ya node, PATH yako (orodha ya folda ambamo mashine hutafuta programu) imechanganya matoleo mawili. Nyoosha hilo kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Lile swali la `y`

Npm 6 ilikuwa inapakua kimyakimya na kuendesha. Kuanzia 7 inauliza kwanza `Ok to proceed? (y)`. Skripti iliyozoea ukimya itasimama hapo ikisubiri mtu abonyeze. Dawa ni `npx --yes kifurushi`. Npx ikigundua iko kwenye CI (seva inayojenga na kupima msimbo yenyewe), au hakuna terminali ya kumuuliza mtu, hujijibu ndiyo yenyewe. Ndiyo maana amri hiyohiyo hupita huko na kukwama kwako. Binafsi napenda swali hili libaki: ukikosea herufi moja ya jina, unapata nafasi ya kughairi kabla msimbo wa mtu usiyemjua haujaingia.

Hatua ya 3: Mpangilio wa swichi

Hapa ndipo wengi wanaumia. Kwenye npx mpya, swichi za npx zenyewe zikae kabla ya jina la programu. Kinachofuata baada ya jina kinakwenda kwa programu. Mfano, `tsc` ni programu iliyomo kwenye kifurushi cha typescript:

```
npx -p typescript tsc --version
```

Ukitumia `npm exec` moja kwa moja, weka vistari viwili kutenganisha:

```
npm exec --package=typescript -- tsc --version
```

Angalia mtego: kwenye npx, `-p` ni `--package`; kwenye `npm exec`, `-p` ni `--parseable`, kitu kingine kabisa. Vilevile `--ignore-existing` na `--always-spawn` zimeondolewa. `-n` nayo imeondoka, tumia `NODE_OPTIONS` (kigezo cha mazingira kinachoipa Node swichi zake). `--no-install` siku hizi ni `--no`.

Hatua ya 4: Taja toleo

Usipotaja toleo, npx huangalia kwanza kilichomo kwenye mradi, kisha inaweza kuchukua nakala ya zamani iliyoko kwenye kache (hifadhi ya vilivyopakuliwa awali). Andika `@latest`, au bora namba kamili. Kufuta kache, ondoa folda ya `_npx` iliyo ndani ya njia unayoonyeshwa na `npm config get cache`. Kwa kifaa cha kila siku, kisakinishe kwenye mradi kwa `npm i -D`; npx itakikuta hapohapo na bando lako litapona.

Hatua ya 5: Node ya mradi

Kwa nvm (chombo cha kubadilisha matoleo ya Node), weka faili la `.nvmrc` lenye namba ya toleo, kisha `nvm use`. Vite 5 (chombo cha kujenga tovuti), kwa mfano, inataka Node 18, au 20 kwenda juu. Hapo swichi za npx hazitakusaidia.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeandika `npx tsc` ikanijibu `This is not the tsc command you are looking for`. Nimedukuliwa?*

Hapana mkuu. Kuna kifurushi kinaitwa `tsc` ambacho si TypeScript. Mradi wako hauna TypeScript, kwa hiyo npx imekwenda kuchukua chenye jina hilo. Tumia amri ya hatua ya 3.

*Shukrani kwa somo. Mimi napata `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED` baada ya kutoka Node 16.*

Node 17 ilihamia OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), na webpack 4 (chombo cha kufungasha msimbo) inatumia md4, kanuni ya zamani ya hashi ambayo huko imefungwa. Pandisha webpack. Kwa dharura:

```
NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider npx webpack
```

*Imekubali kwangu, ila seva inasema `not allowed in NODE_OPTIONS`.*

Huenda seva yako bado iko Node 16 au chini yake, haiikubali swichi hiyo. Iondoe kwenye seva, au panda pande zote mbili.

*Naweza kuendesha amri moja kwa Node ya zamani bila nvm?*

Unaweza: `npx -p node@16 node faili.js`. Inapakua Node nzima, kwa hiyo mara ya kwanza kuwa na subira.