Mbavu za nguruwe kwenye eafraya: mioto miwili, nyama laini

Mbavu za nguruwe zikiharibika kwenye eafraya (air fryer, mashine inayopika kwa hewa ya moto), karibu kila mara huharibika kwa namna ileile: nje nyeusi, ndani zinavutika kama mpira. Wapo wanaolaumu nyama na wapo wanaolaumu mashine. Nimezipika mara nyingi vya kutosha kusema kwamba tatizo ni moto. Eafraya imetengenezwa ipike haraka, na mbavu ni nyama inayotaka muda. Ukizipiga moto mkali tangu mwanzo, nje inaungua wakati ndani ndiyo kwanza panaanza kuiva.

Mimi hutumia mioto miwili. Wa kwanza ni wa wastani, mbavu zikiwa zimefungwa kwenye foili ili ziive kwa mvuke wake zenyewe mpaka zilainike. Wa pili ni mkali na mfupi, mbavu zikiwa wazi na zimepakwa sosi, ili zishike rangi. Ukiondoa muda wa kukolea chumvi, tenga saa moja na nusu.

Inafaa kujua kinachoendelea ndani ya kikapu, maana ukishakielewa hutahitaji kukariri dakika. Juu kuna koili ya moto, na juu yake feni inayosukuma hewa ya moto kwa kasi. Hewa hiyo hukausha uso wa chakula upesi, ndiyo maana viazi hutoka vikavu na vyenye ganda. Lakini mbavu zimejaa kolajeni, ule ugumu unaoshikilia nyama kwenye mfupa. Kolajeni huanza kuyeyuka na kuwa jelatini joto la nyama likishavuka kama nyuzi 70 za Selsiasi, na kazi hiyo hushika kasi kati ya nyuzi 85 na 95. Inataka joto, inataka unyevu, na inataka kuachwa hapo kwa muda. Foili inafanya kazi moja tu: kuizuia ile hewa kavu isifike kwenye nyama kabla kolajeni haijayeyuka.

Unachohitaji

Kwa kilo 1 ya mbavu, inayotosha watu wawili wenye njaa au watatu wakiwa na chakula kingine pembeni:

- chumvi laini, kijiko cha chai 1 na nusu
- paprika, vijiko vya chai 2
- pilipili manga iliyosagwa, kijiko cha chai 1
- kitunguu saumu cha unga, kijiko cha chai 1
- tangawizi ya unga, nusu kijiko cha chai
- maji, vijiko vya chakula 3

Kwa sosi: nyanya ya kopo vijiko vya chakula 3, asali vijiko 2, siki kijiko 1, sosi ya soya kijiko 1, na pilipili kali kadiri unavyostahimili.

Vyombo ni foili, koleo la jikoni, tishu za jikoni, brashi ya kupakia sosi, na kipimajoto cha nyama kama unacho.

Kuhusu nyama yenyewe, kuna mbavu za juu, zinazokaa karibu na uti wa mgongo, na mbavu za chini, za upande wa tumbo. Za juu ni fupi, zimepinda, na hazina mafuta mengi. Za chini ni ndefu na bapa, zina mafuta na gegedu, na ladha yake ni nzito zaidi. Kwa eafraya mimi huchagua za juu, kwa sababu zinaenea kwenye kikapu na zinalainika mapema. Aina yoyote utakayochukua, angalia upande wenye nyama: ukiona mifupa imechungulia, aliyekata alipitisha kisu karibu mno na mfupa, na utakuwa umenunua mifupa.

Hatua ya 1: Kausha

Kama zimeganda, zihamishie kwenye friji tangu jana yake ziyeyuke polepole. Usizioshe. Maji yanayoruka hueneza vijidudu kwenye sinki na vyombo vilivyo jirani, na joto la kupikia ndilo linaloviua, si bomba. Chukua tishu za jikoni uzikaushe pande zote.

Hatua ya 2: Toa utando

Geuza mbavu, mifupa iwe juu. Utaona ngozi nyembamba, nyeupe na yenye kung'aa, imetandazwa juu ya mifupa yote. Huo utando haulainiki kwa muda huu mfupi wa kupika. Ukiuacha, viungo havitapenya upande huo, na mlaji atakuwa anavuta kitu kama karatasi ya plastiki kwa meno.

Anzia kwenye mfupa wa pili au wa tatu kutoka mwisho. Chukua kijiko, ukiingize kwa upande wa mpini kati ya utando na mfupa, ukisukume taratibu mpaka pafunguke nafasi ya kupitisha kidole. Kijiko ni salama kuliko kisu, kwa kuwa hakikati nyama wala mkono. Pitisha kidole chini ya utando, uinue kidogo, kisha ushike kwa kipande cha tishu, kwa sababu unateleza sana na vidole vitupu havitaukamata. Sasa vuta kwa nguvu ya polepole kuelekea upande wa pili. Siku nyingine unatoka mzima kama soksi, siku nyingine unakatika katikati na unaanza tena hapo ulipokatikia. Vipande vidogo vikigoma kwenye kona, viache. Mara nyingine aliyekuuzia huwa ameshautoa, kwa hiyo usikwangue nyama ukitafuta kisichokuwepo.

Hatua ya 3: Kata

Kata mbavu katika vipande vya mifupa mitatu au minne. Vijaribishe kwenye kikapu kabla hujavipaka kitu. Ikiwa vinalaliana, utapika kwa awamu mbili. Hakuna ujanja mwingine.

Hatua ya 4: Chumvi kwanza, viungo baadaye

Nyunyiza chumvi pande zote, weka mbavu kwenye friji kwa saa moja hadi usiku mzima. Mwanzoni chumvi huvuta maji juu ya nyama, baadaye maji hayo hurudi ndani yakiwa yamebeba chumvi. Ukikosa muda, hata nusu saa inasaidia.

Wakati wa kupika ukifika, changanya viungo vikavu na uvipake, ukikandamiza kwa kiganja badala ya kusugua. Utaona sijaweka sukari. Mara ya kwanza kupika mbavu hizi nilizipaka sukari nyingi nikaziwekea nyuzi 200 bila foili. Dakika kama 15 tu baadaye jikoni kulijaa moshi, uso wa nyama ulikuwa mchungu, na mfupa ulikuwa bado umeng'ang'ania nyama. Tangu siku hiyo kitu chochote kitamu kinasubiri dakika za mwisho.

Hatua ya 5: Moto wa kwanza

Weka kila kipande juu ya foili, upande wenye nyama ukiwa juu. Gawanya yale maji ya vijiko vitatu kwenye vifurushi, ukiyamwagia pembeni yasioshe viungo. Funga vizuri, mikunjo ikae juu ili mchuzi usivuje.

Panga vifurushi kwenye kikapu ukiacha nafasi ya hewa kupita kati yake na ubavuni. Usitandike foili kikapu kizima, utaziba matundu. Wala usiwashe eafraya ikiwa na foili tupu: feni huirusha juu ikagusa koili. Foili lazima ilaliwe na chakula. Jambo jingine ni kwamba vitu vichachu kama siki, ndimu na nyanya huila foili na kuacha ladha ya bati, kwa hiyo visiingie kwenye kifurushi.

Weka nyuzi 160 kwa dakika 50 ikiwa ni mbavu za juu. Za chini zipe saa 1 na dakika 5.

Hatua ya 6: Uliza nyama

Saa inakuambia wakati wa kuangalia tu. Eafraya hazifanani, na vipande vya nyama navyo havifanani, kwa hiyo fungua kifurushi kimoja, mikunjo ikielekea mbali na uso wako, maana mvuke wake unaunguza kweli.

Tazama ncha za mifupa: nyama inapaswa kuwa imerudi nyuma kama sentimita 1 na kuuacha mfupa wazi. Choma kijiti cha meno katikati ya mifupa miwili. Kikizama bila ubishi, kama kinaingia kwenye siagi iliyolainika, nyama iko tayari. Kikikwama kidogo kisha kikapenya, funga tena na uongeze dakika 10. Kisha shika mfupa mmoja kwa koleo uuzungushe kidogo, ukilegea, vizuri. Ukichomoka wenyewe, umezidisha. Italiwa kwa raha, ila itaanguka ukijaribu kuipaka sosi.

Mwenye kipimajoto akichomeke kwenye nyama katikati ya mifupa bila kugusa mfupa, atafute nyuzi 90 hadi 95. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema nyama ya nguruwe isiyosagwa ni salama ikifika nyuzi 63 na kupumzishwa dakika 3. Ni kweli kwa usalama. Lakini ubavu wenye nyuzi 63 bado ni mgumu, kolajeni haijaguswa. Kwa hiyo usiutoe kwa sababu tu umeshakuwa salama kuliwa.

Hatua ya 7: Sosi

Usimwage mchuzi ulio kwenye foili. Umimine kwenye sufuria ndogo, engua mafuta yanayoelea, ongeza vitu vyote vya sosi, uchemshe kwa moto mdogo mpaka ukipitisha kidole nyuma ya kijiko ibaki njia isiyofunikwa. Ionje kabla ya kuongeza chumvi, kwa kuwa soya na mchuzi tayari vina chumvi.

Hatua ya 8: Moto wa pili

Toa kikapu, mwaga mafuta yaliyokusanyika chini yake. Mafuta hayo yakiachwa kwenye moto mkali ndiyo yanayotoa moshi.

Rudisha mbavu bila foili, nyama juu, nyuzi 200 kwa dakika 4, bila sosi. Lengo ni kukausha uso, kwa sababu sosi haishiki juu ya nyama iliyolowa. Shusha hadi 190, paka sosi kwa brashi, dakika 3. Paka tena, dakika 2 nyingine. Tabaka mbili nyembamba hung'aa na kunata. Tabaka moja nene huungua juu huku chini ikiwa bado maji.

Katika dakika hizi usiondoke jikoni. Koili iko karibu sana na nyama, na asali hutoka kahawia hadi nyeusi kwa muda mfupi mno. Vuta kikapu uangalie kila dakika; eafraya hurudi kwenye joto lake upesi, kuifungua hakuharibu kitu. Unachotaka kuona ni sosi inayotokota kwa mapovu madogo, na kingo zenye weusi hapa na pale.

Hatua ya 9: Pumzisha na kata

Ziache dakika 5 kwenye ubao. Zigeuze mifupa iwe juu ndipo ukate, kwa kuwa upande huo unaona kisu kinapopita, na sosi ya juu haichubuki.

Zikibaki

Ziweke kwenye friji ndani ya saa 2, na zitakaa siku 3 hadi 4. Kuzipasha, zifunge tena kwenye foili na kijiko cha maji, nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, zipate moto mpaka katikati, nyuzi 74 ukipima. Kisha zifungue dakika 2 tu ili uso ukauke.

Kikapu kioshe kingali na uvuguvugu. Futa mafuta kwanza kwa tishu na uyatupe kwenye taka, maana yakiingia kwenye sinki huganda ndani ya bomba. Sosi iliyogandia ilowekwe kwa maji ya moto yenye sabuni kwa robo saa, kisha itatoka kwa sifongo laini. Steelwool itakwangua ule mpako usioshika chakula. Na eafraya ikishapoa kabisa na kuchomolewa kwenye umeme, igeuze uangalie koili, kwa sababu mafuta ya mbavu huruka mpaka huko juu, na usipoyafuta kwa kitambaa chenye unyevu, chakula chako cha kesho kitanuka moshi wa leo.